Valvu mpya ya aota na umeme wa moyo: kwa nini baadhi ya wagonjwa huishia kuwekewa betri

Tarehe 16 Aprili 2002, katika mji wa Rouen nchini Ufaransa, Daktari Alain Cribier alimwekea mgonjwa wa miaka 57 valvu mpya ya aota, yaani ule mlango ambao damu hupitia ikitoka moyoni kuingia mshipa mkuu wa mwili, bila kumpasua kifua. Mgonjwa huyo alikuwa mahututi. Valvu yake ilikuwa imekakamaa na kubana kiasi kwamba moyo ulishindwa kusukuma damu, na madaktari wa upasuaji walikuwa wamekwisha kuamua kwamba hatahimili kisu. Valvu iliyokunjwa juu ya puto ilipitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, puto likajazwa, na valvu ikafunguka ndani ya ile ya zamani na kushika papo hapo. Mwaka 1989 Mdenmaki Henning Rud Andersen alikuwa ameifanya kazi ya namna hiyo kwa nguruwe, lakini wakati huo ni wachache walioitilia maanani.

Leo tiba hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama TAVI, hufanywa kila siku katika hospitali nyingi za Ulaya, Marekani, Asia na nchi za Ghuba. Ilianza kama tumaini la mwisho la wazee wasioweza kupasuliwa, na kufikia mwaka 2019 majaribio mawili makubwa yalikuwa yameonyesha kwamba hata wagonjwa ambao upasuaji wa kawaida haungewatia katika hatari kubwa wanaweza kunufaika nayo. Njiani, matatizo mengi yaliyoiandama mwanzoni yamepungua sana. Mirija imekuwa myembamba, hivyo mishipa ya paja haichaniki kama zamani. Valvu zimeongezewa kitambaa cha nje, hivyo damu haivuji pembeni kwa kiasi kilekile. Tatizo moja limekuwa likipungua kwa mwendo wa kobe, nalo ni la umeme wa moyo. Mgonjwa huingia chumba cha matibabu akiwa na mapigo yanayopitishwa vizuri, hutoka akiwa na valvu inayofanya kazi barabara, na saa chache baadaye familia huelezwa kwamba huenda akahitaji betri ya moyo, yaani kifaa kidogo cha kuchochea mapigo.

Familia nyingi husikia habari hiyo kama taarifa ya kosa lililofanyika. Mara nyingi si kosa. Ni suala la mahali valvu ya aota ilipo, na la milimita chache zinazoitenganisha na njia pekee ambayo umeme wa moyo unaweza kupitia.

Njia yenyewe

Pigo la moyo huanzia katika kikundi cha chembe kilicho sehemu ya juu ya chumba cha juu cha kulia. Kutoka hapo umeme husambaa katika vyumba viwili vya juu, navyo husinyaa. Umeme huo hauwezi kushuka vyumba vya chini kwa njia yoyote ile, kwa sababu kati ya vyumba vya juu na vya chini kuna tishu ngumu za nyuzinyuzi zisizopitisha umeme, zile zile zinazoshikilia valvu za moyo. Pana mlango mmoja tu. Kabla ya mlango huo kuna nodi, kikundi kingine cha chembe, inayouchelewesha umeme kwa muda mfupi mno, ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu yao. Kisha umeme hupita katika fungu jembamba la nyuzi lililoelezwa na Wilhelm His mwaka 1893 na ambalo bado linaitwa kwa jina lake. Mwaka 1906, Mjapani Sunao Tawara, akifanya kazi Marburg nchini Ujerumani, alichapisha maelezo ya mfumo mzima: nodi, fungu, na matawi yake mawili, moja likienda chumba cha chini cha kulia na jingine chumba cha chini cha kushoto. Michoro yake bado inatambulika na kila mwanafunzi wa udaktari wa moyo.

Baada ya kupenya zile tishu ngumu, fungu la His hutokeza kwenye sehemu nyembamba ya ukuta unaotenganisha upande wa kulia na wa kushoto wa moyo, sehemu iliyo kama utando, yenye urefu wa milimita chache tu. Utando huo uko chini kabisa ya valvu ya aota, pale vipande vyake viwili kati ya vitatu vinapokutana. Ukitazama kutoka ndani ya chumba cha chini cha kushoto, yaani upande ambao valvu mpya itakaa, tawi la kushoto hutokeza kwenye ukingo wa chini wa utando huo na kutawanyika kuelekea chini, likiwa limefunikwa na ngozi nyembamba ya ndani ya moyo na si kitu kingine.

Maumbile nayo hayalingani kati ya mtu na mtu. Uchunguzi mmoja wa kianatomia wa mioyo ya wazee ulionyesha kwamba kwa takriban nusu ya watu fungu hupita upande wa kulia wa ukuta, ambako lina kinga kiasi. Kwa takriban asilimia 30 hupita upande wa kushoto. Na kwa waliobaki hupita juujuu, karibu na uso wa ukuta, mahali ambapo kila kinachosukuma kutoka ndani kitaligusa. Hakuna kipimo cha kawaida kinachomwonyesha daktari mapema mgonjwa wake yuko katika kundi lipi. Anachoweza kupima kwa picha za CT ni urefu wa ule utando. Ukiwa mfupi, fungu liko karibu na valvu. Ukiwa mrefu, kuna nafasi ya kupumua.

Valvu inapofunguka

Daktari wa upasuaji anayebadilisha valvu kwa kufungua kifua huikata ile ya zamani, huondoa kalsiamu iliyogandamana, kisha hushona mpya akiwa anaona anachokishona. Katika TAVI hakuna kinachoondolewa. Valvu ya zamani, pamoja na kalsiamu yake yote, husukumwa pembeni, na valvu mpya hujishikilia kwa nguvu yake ya kutanuka. Ni sawa na fundi anayepachika fremu mpya ndani ya fremu ya zamani bila kuing'oa, huku waya mkuu wa umeme wa nyumba ukipita ndani ya plasta chini kidogo ya kizingiti. Nguvu ile ile inayoifanya fremu isichomoke ndiyo inayoubana waya.

Madhara yanayotokea hapo si ya aina moja, na tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuelewa yote yanayofuata. Nyuzi zinaweza kubanwa tu, zikaacha kupitisha umeme kwa muda kisha zikarudi. Tishu zinazozizunguka zinaweza kuvimba, na uvimbe huo huongezeka katika siku za mwanzo kabla ya kupungua. Damu inaweza kuvilia ndani ya ukuta. Na nyuzi zenyewe zinaweza kufa, hasa pale bonge la kalsiamu linapokandamizwa juu yake. Kwenye karatasi ya ECG, yaani kipimo kinachochora umeme wa moyo, dakika kumi baada ya valvu kuwekwa, hali zote hizi zinaweza kufanana.

Kinachoonekana mara nyingi zaidi ni kuzibika kwa tawi la kushoto. Umeme bado unashuka kupitia tawi la kulia, vyumba vya chini bado vinapiga, lakini upande wa kushoto unachelewa kwa sababu umeme unaufikia kwa kuzunguka. Mgonjwa anaweza asihisi chochote. Hali nzito zaidi ni pale fungu lote linapozibika, au matawi yote mawili kwa pamoja, umeme wa juu ukawa haufiki chini kabisa. Hapo vyumba vya chini hujitegemea kwa mapigo yao ya akiba, ambayo yanaweza kuwa 20 hadi 40 kwa dakika na hayaaminiki. Yakikatika, mtu huzimia, na asipopata msaada anaweza kufa.

Kwa maelezo hayo, inaeleweka kwa nini dalili ya hatari inayotajwa na kila mtafiti ni kuzibika kwa tawi la kulia kabla ya tiba. Mzee mwenye tawi la kulia lililokwisha kufa anaweza kuishi miaka mingi bila shida, kwa kuwa tawi la kushoto linabeba mzigo wote. Valvu mpya inapolibana hilo la kushoto, hakuna njia iliyobaki. Karatasi ya ECG ya gharama ndogo, iliyopigwa wiki kadhaa kabla ya safari ya hospitali, inaweza kumwambia daktari mengi kuhusu hatari hii kuliko vipimo vingine vya bei kubwa. Hatari nyingine hufuata kwa uzito mdogo kidogo: utando mfupi, kalsiamu nyingi chini ya valvu, valvu kubwa kupita kiasi ikilinganishwa na tundu lake, umeme uliokuwa tayari unachelewa kwenye nodi, na kina ambacho valvu imekaa.

Kina, aina ya valvu, na tarakimu

Valvu hizi ni za namna mbili kuu. Zipo zinazofunguliwa kwa puto, fremu yake ikiwa fupi, ya chuma kigumu. Ukoo wa Sapien ndio unaojulikana zaidi. Zipo pia zinazojifungua zenyewe, fremu yake ikiwa ya nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaorudia umbo lake unapopata joto la mwili; CoreValve na mrithi wake Evolut ni za kundi hili. Fremu ya nitinoli ni ndefu, mara nyingi huingia ndani zaidi chini ya valvu ya zamani, na huendelea kutanuka polepole baada ya mgonjwa kuondoka chumba cha matibabu. Sifa hiyo ya mwisho ina faida zake, kwani valvu hujiumbia mahali pake, lakini pia hueleza kwa nini umeme unaweza kukatika siku ya pili au ya tatu ilhali siku ya kwanza ulikuwa salama.

Jaribio la CHOICE lililofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2014 lilizilinganisha namna hizo mbili ana kwa ana. Asilimia 17.3 ya waliopata valvu ya puto waliwekewa betri mpya, dhidi ya asilimia 37.6 ya waliopata inayojifungua. Mwaka huohuo, jaribio la CoreValve nchini Marekani lilionyesha asilimia 19.8 ndani ya siku 30, dhidi ya asilimia 7.1 kwa waliofanyiwa upasuaji. Kufikia mwaka 2019, valvu zikiwa zimeboreshwa na wagonjwa wakiwa wenye afya nzuri zaidi, jaribio la PARTNER 3 lilitoa asilimia 6.5 kwa valvu ya puto dhidi ya 4.0 kwa upasuaji, na jaribio la Evolut kwa wagonjwa wa hatari ndogo likatoa asilimia 17.4 dhidi ya 6.1.

Msomaji asizichukue tarakimu hizo kama msimamo wa ligi. Wagonjwa wa jaribio moja si wa jaribio jingine, na mkono wa daktari una uzito wake. Zaidi ya hayo, kuwekewa betri ni uamuzi, si kipimo: hospitali inayopenda kumruhusu mgonjwa mapema huweka betri nyingi, na ile yenye vitanda vya kutosha na subira huweka chache, hata kama umeme wa wagonjwa wao umeguswa kwa kiwango kilekile. Nashangaa jinsi jambo hili linavyosahaulika pale kampuni zinapolumbana kuhusu nani ana asilimia ndogo zaidi.

Mabadiliko yaliyoleta nafuu kubwa kwa valvu za nitinoli katika miaka ya karibuni hayakutoka kwenye chuma kipya bali kwenye namna ya kutazama. Zamani daktari aliweka kamera ya eksirei katika pembe inayoonyesha vipande vyote vitatu vya valvu kwa mpangilio, kimoja kikiwa katikati ya vingine. Pembe hiyo inapendeza macho, lakini inaweza kumdanganya kuhusu kina. Sasa wengi huigeuza kamera ili vipande viwili vilalie kimoja juu ya kingine na kile cha tatu, kilicho upande wa fungu la His, kibaki peke yake. Hapo kina huonekana kwa usahihi zaidi, na daktari hulenga takriban milimita 3 chini ya msingi wa valvu ya zamani, au chini ya urefu wa ule utando uliopimwa kwenye CT. Timu zilizoshika utaratibu huo kwa makini zimeripoti betri kwa takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi, au chini ya hapo.

Kwa nini basi valvu isiwekwe juu zaidi na tatizo likaisha? Kwa sababu juu nako kuna hatari zake. Valvu iliyowekwa juu mno inaweza kuchomoka na kusukumwa na damu kuingia aota. Inaweza kufanya iwe vigumu siku za usoni kuingiza mrija katika mishipa inayolisha moyo wenyewe, jambo lenye uzito kwa mgonjwa wa miaka 68 anayetarajiwa kuishi muda mrefu na pengine kuhitaji valvu ya pili ndani ya hii ya kwanza. Daktari anayechagua milimita tatu badala ya tano anachagua kati ya betri inayoweza kuhitajika wiki hii na ugumu unaoweza kuja baada ya miaka kumi.

Siku zinazofuata

Wakati wa tiba yenyewe, waya wa muda wa kuchochea mapigo huwa tayari umewekwa ndani ya moyo. Una kazi mbili. Wakati valvu ya puto inafunguliwa, waya huo huuendesha moyo kwa kasi ya karibu mapigo 180 hadi 200 kwa dakika, shinikizo la damu hushuka kwa sekunde chache, na valvu hukaa mahali pake bila kusukumwa. Kisha umeme ukikatika, waya uleule humlinda mgonjwa. Swali la kwanza baada ya tiba ni kama waya utolewe au ubaki.

Mgonjwa ambaye ECG yake haijabadilika hata kidogo anaweza kutolewa waya mara moja, akaangaliwa kwenye mashine ya mapigo usiku mmoja na kuruhusiwa. Mgonjwa aliyepata kuzibika kamili hubaki na waya, na hapa ndipo kungoja kunapoanza. Mwongozo wa Jumuiya ya Ulaya ya Magonjwa ya Moyo wa mwaka 2021 unashauri betri ya kudumu pale kizuizi kamili au cha daraja la juu kinapodumu kwa saa 24 hadi 48. Wasiokuwa na kizuizi kamili lakini ECG yao inaonyesha tawi la kulia na la kushoto yakizibika kwa zamu nao huwekewa betri bila kusitasita, kwa kuwa hiyo ni ishara kwamba njia zote mbili zimeumia. Mwenye tawi la kulia bovu tangu zamani akipata badiliko jipya lolote baada ya valvu, mwongozo unaruhusu betri mapema. Na mwongozo huohuo unakataa jambo ambalo lingeonekana la busara kwa haraka, yaani kumwekea betri mtu mwenye tawi la kulia bovu kabla ya TAVI, kwa tahadhari tu. Wengi wao hawataihitaji.

Linalogawanya wataalamu ni tawi la kushoto lililozibika upya. Si jambo dogo kwa wingi wake: katika PARTNER 3, mwaka mmoja baada ya tiba, takriban asilimia 24 ya waliopata valvu kwa TAVI walikuwa nalo, dhidi ya asilimia 8 ya waliopasuliwa. Wengi wa hao hawatapata kizuizi kamili kamwe, na kwa baadhi yao tawi hurudi kupitisha umeme ndani ya wiki chache. Wachache, hata hivyo, watapata kizuizi kamili wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani, na hao ndio wanaowanyima madaktari usingizi. Utafiti wa MARE, ulioongozwa na Josep Rodés-Cabau wa Québec nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2018, ulipandikiza vinasa mapigo vidogo chini ya ngozi za wagonjwa 103 wa aina hiyo. Ndani ya mwaka mmoja, takriban mmoja kati ya kumi aliwekewa betri.

Namna ya kuwachuja ni kutazama muda. Kwenye ECG, upana wa alama ya vyumba vya chini kwa kawaida hauzidi milisekunde 120, na muda kutoka mwanzo wa pigo la juu hadi la chini hauzidi 200. Tawi jipya la kushoto likiambatana na upana unaozidi 150, au muda unaozidi 240, na vipimo hivyo vikiwa vimetulia bila kuongezeka kwa zaidi ya saa 48, mwongozo wa Ulaya unapendekeza mojawapo ya mambo mawili: mgonjwa avae au apandikizwe kinasa mapigo kwa wiki kadhaa, au apimwe kwa waya ndani ya moyo ili kujua umeme unachukua muda gani kutoka fungu la His hadi misuli ya chini. Muda huo kwa kawaida ni milisekunde 35 hadi 55. Ukifikia 70 au zaidi, betri inapewa nafasi kubwa. Neno la kuzingatiwa sana hapo ni "vimetulia." Mgonjwa ambaye vipimo vyake bado vinapanuka siku ya tatu hapaswi kuruhusiwa kwa sababu tu ratiba ya kitanda imefika mwisho.

Betri nayo ina gharama

Ingekuwa rahisi kusema kila mwenye shaka awekewe betri na mambo yaishe. Kifaa chenyewe ni salama, huwekwa chini ya ngozi karibu na bega kwa upasuaji mdogo, na hudumu takriban miaka kumi kabla ya kubadilishwa. Lakini betri ya kawaida huuchochea moyo kutoka upande wa kulia, na umeme husafiri kwenye misuli badala ya njia yake ya asili, hivyo upande wa kushoto unachelewa kwa namna inayofanana na tawi la kushoto lililozibika. Moyo unaochochewa hivyo muda wote, kwa miezi na miaka, unaweza kudhoofika. Na wagonjwa wa valvu ya aota mara nyingi wana misuli iliyokwisha kunenepa na kuchoka kwa kusukuma damu kupitia tundu dogo. Waya unaweza pia kuvuruga valvu iliyo kati ya vyumba vya kulia, na maambukizi ya kifaa, ingawa ni nadra, ni balaa kwa mtu mwenye valvu ya bandia.

Kwa sababu hiyo, mpangilio wa betri baada ya TAVI una uzito sawa na uamuzi wa kuiweka. Uvimbe ukipungua, umeme wa wengi hurudi: sehemu kubwa ya waliowekewa betri huonekana, wanapopimwa baada ya mwaka, kuwa hawaitegemei tena muda wote. Kifaa kilichopangwa vizuri hutoa nafasi kwa umeme wa asili kwanza, kikiingilia kati pale tu unapokosekana. Kifaa kilichoachwa na mpangilio wa siku ya kwanza kinaweza kuwa kinauchochea moyo usio na haja nacho, na mgonjwa akalaumu valvu kwa uchovu unaotokana na betri. Kwa wale ambao ni dhahiri watategemea betri daima, baadhi ya hospitali sasa huweka waya katika tawi lenyewe la kushoto, chini ya mahali palipoumia, ili upande huo upate umeme kwa wakati. Ni mbinu yenye matumaini, nayo inahitaji mkono uliozoea.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, nyongeza moja ni ya lazima. Ugonjwa wa valvu unaojaza wodi zetu za moyo kwa kiasi kikubwa bado ni ule unaoachwa na homa ya baridi yabisi, na huwapata vijana. TAVI ilibuniwa kwa valvu ya mzee iliyojaa kalsiamu. Hata hivyo wazee hao wapo, na baadhi yao hupelekwa India, Ghuba au Ulaya kutibiwa, kisha hurejea Mombasa, Zanzibar au Bukoba. Ukweli kwamba kizuizi cha umeme kinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, na kwa wachache hata wiki, una maana nyingine kabisa kwa mtu ambaye hospitali iliyomtibu iko ng'ambo ya bahari. Siku mbili za ziada katika mji wa hospitali, ECG ya mwisho ikilinganishwa na ya kabla ya tiba, ni nafuu kuliko kuzimia uwanja wa ndege.

Mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kurudi na ECG zote, za kabla na za baada, aina na ukubwa wa valvu yake, na kama ana betri, kadi ya kifaa pamoja na mpangilio wake. Kuna hospitali za kwetu zinazoweza kukagua na kurekebisha betri, ikiwemo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, lakini fundi wa kifaa anahitaji kujua ni cha kampuni gani, kwani kila kampuni ina mashine yake ya kukisoma. Dawa za kupunguza mapigo kama bisoprololi, verapamili na digoksini zihakikiwe upya na daktari, wala mgonjwa asiziache mwenyewe ghafla. Na katika mwezi wa kwanza, kizunguzungu cha ghafla, kuzimia hata kwa sekunde chache, au mapigo yaliyoshuka chini ya 40 yasisingiziwe presha wala uzee: ni sababu ya kwenda siku hiyohiyo mahali penye ECG, mkononi ukiwa na ile ya zamani ya kulinganisha.